Ufa wa Mguu wa Tatu

Wallahi, haya yote ni kweli tupu. Miaka thelathini kiwandani nilikuwa nikigonga chuma kwa nyundo yangu ndogo, nikasikia kimechoka wapi. Siku moja niligonga boriti hapa Msambweni, nikasikia nati inalia kule Vanga, mpakani.

Sasa, tangi la maji la mtaa wetu lina miguu minne ya chuma, na chini yake Twaiba hukaanga mahamri. Pampu ikiwaka, miguu hutetema kutwa.

"Mzee Swabir," akaniuliza, "nikae au nihame?"

Nikagonga mguu mmoja mmoja, kichwa nimekiinamisha. "Wallahi, mwanangu, mizima yote. Kaanga."

Mramba akacheka. Ni mtani wangu, Mgiriama niliyefanya naye kazi. Idi zote amekula kwangu. Nikadhani ni utani.

"Twaiba, huyu kiwandani alikuwa bawabu. Sikio la kushoto halisikii hata adhana. Hiyo nyundo aliiokota."

Mbele ya watu!

Kisha akaomba mafuta ya taa, akapaka maungio ya miguu, akangoja, akafuta hadi pakakauka, akapaka chaki. Penye ufa, hata mwembamba kuliko unywele, mafuta yaliyojificha hurudi yakalowesha chaki. Na hila hiyo nilimfundisha mimi! Niliiona kwa wakaguzi, nikiwa pale langoni.

Mguu wa kwanza, mweupe. Wa pili, mweupe. Wa tatu ukatoka mstari wa majimaji, urefu wa kidole.

"Umeniuza, Mramba."

"Mimi ni mtani wako. Tangi nalo ni mtani wako?"

Twaiba alizima jiko. "Mzee wangu, nilikuuliza kama baba," akasema, na hilo liliniuma kuliko la Mramba.

Tangi likatolewa maji, mafundi wakaitwa. Mramba, ambaye hata msikitini haingii, ndiye aliyenikumbusha kwamba kiapo cha uongo kina kafara: kulisha masikini kumi, au kufunga siku tatu. Sina cha kulisha kumi.

Leo ni siku ya kwanza. Twaiba amehamishia jiko barazani kwangu, harufu ya iliki yaniingia hadi utumboni. Amechungulia karatasi hii ninayoandika, akasoma mistari ya juu.

"Wallahi tena? Na nati ya Vanga je, baba?"

Basi zimekuwa siku sita.