Shimo la Maji ya Baba

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawajibu kwamba nafuga. Wanaotaka kujua nafuga nini huambiwa bakteria, na wengi hubadilisha mazungumzo hapo hapo. Shauri yao. Bakteria wangu nilimtoa kwenye udongo wa gereji ya baba yangu, mzee Liberatus, kule Ipogolo, udongo uliolowa oili miaka na miaka mpaka ukawa mweusi. Hula mafuta, na ili ayaweze hutengeneza sabuni yake mwenyewe. Kazi yangu, katika maabara ya chuo kimoja Mbeya, ilikuwa kutafuta mazingira yatakayomfanya aitoe kwa wingi.

Alinitesa sana. Vitabu vilisema apewe joto. Nilipompa alizaana tu, sabuni hakuna. Nikampa sukari, akatulia kimya kama mkwe ukweni. Mwishowe nilimpunguzia joto mpaka likafanana na la asubuhi za kwetu Iringa, nikamlisha mafuta ya alizeti yaliyokwisha kukaangiwa chipsi, kisha nikampunja naitrojeni, maana akiipata ya kutosha husahau sabuni. Povu likapanda mpaka mdomoni mwa chupa. Nililia, wala sioni aibu kusema.

Baba alipozidiwa na ini nilihamia kwake Mlandege kumuuguza, nikabeba chupa moja ya mfugo wangu ili kazi isilale. Niliiweka nyuma ya pipa la maji, palipo na ubaridi, nikawa naitikisa kila nikipita. Siku moja alipopata nafuu nilimwonyesha. Nilitandaza oili chafu juu ya maji kwenye sahani, nikadondosha tone moja tu. Oili ikakimbilia ukingoni, ikaacha maji safi katikati. Baba mdogo Didas, aliyekuja kutoka Kilolo kumwona kaka yake, akasema, "Kumbe ni sabuni ya kweli." Baba alicheka mpaka akakohoa.

Haikupita wiki, mwenzangu wa maabara, Asukile, akapiga simu kutoka Mbeya. Umeme ulikatika, friji ikazima, na ukungu umeingia kwenye akiba yetu yote.

"Dada Benedicta, aliyebaki ni huyo wako tu," alisema. "Mtunze kama mboni ya jicho."

Kurudi Ipogolo kuchota udongo mwingine haikuwezekana. Baba alipoacha kazi kiwanja kiliuzwa, na leo kimemwagiwa zege chote, magari yanajaza mafuta juu yake.

Baba alifariki asubuhi moja kitandani kwake. Shangazi Faustina alinishika mabega akanitoa chumbani, kwa sababu kwetu mtoto wa kike haoshi baba yake. Hiyo ni kazi ya ndugu zake wa kiume. Akina mama wa jumuiya walikuwa wameshafika, wakanikalisha kwenye mkeka, wakaanza kuimba. Chupa sikuiwaza kabisa.

Niliikumbuka jeneza lilipofunguliwa tumuage. Mikono ya baba ilikuwa imelazwa kifuani pamoja na rozari, na kwa muda mfupi nilidhani wametuletea maiti ya mtu mwingine. Kucha zilikuwa safi. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona kucha za baba zikiwa safi. Miaka yote oili ilikuwa imeingia kwenye mistari ya viganja ikakaa humo kama chale. Nilijua kilichotokea kabla hata sijaenda kuchungulia nyuma ya pipa.

Baada ya maziko nilimfuata baba mdogo.

"Sabuni ya mche ilishindwa," alisema. "Tumesugua wee, wapi. Nikakumbuka ile ya kwako. Nikasema, kaka hawezi kwenda mbele ya Mungu na mikono ya gereji."

"Yote, baba?"

"Yote, mwanangu. Na chupa tumeifukia shimoni pamoja na maji aliyooshewa. Kitu kilichomwosha marehemu hakirudi ndani."

Nilitaka kumtukana. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tena baya. Lakini yeye alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri kushukuriwa, macho yamevimba kwa kulia, nikalimeza. Nikamwambia asante.

Asukile nilipomsimulia alisema, "Pole sana, dada. Lakini bakteria hafi kwa kufukiwa. Yumo humo shimoni. Kijiko kimoja tu cha udongo, tunaanza upya." Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma.

Watu walipotawanyika nilikwenda na kijiko nyuma ya nyumba, penye udongo mbichi kando ya mparachichi. Nilipiga magoti. Sikuogopa mizimu, na wazee ningewadanganya bila shida. Nilichoshindwa ni kufikiria kilichomo. Mle ndani kulikuwa na oili ya malori yote aliyotengeneza baba ili mimi nisome, imetoka mikononi mwake hatimaye, na mfugo wangu ulikuwa unaila. Nilikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi, kisha nikarudisha kijiko jikoni kikiwa safi.

Nilimwambia Asukile kwamba sikuweza. Akaniuliza sasa tufanye nini na kazi yote ile. Sijui. Najua kwamba sabuni yetu inafanya kazi, kwamba mtu wa kwanza kuitumia alikuwa baba yangu, na kwamba hakuiona mikono yake ilivyotakata.