Nenda Salama, Bila Urudi

Mdomo ni mlango usio na bawabu. Ukishazoea kupitisha neno, utalipitisha hata mwenye nyumba akiwa hataki. Chiriku hakulijua hilo mpaka asubuhi ile, ndani ya chumba cha kurekodia nyimbo nyuma ya karakana ya sofa, ambako kuta zilibandikwa vipande vya godoro ili sauti isitoroke. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake tangu utotoni kwa kuwa hakujua kunyamaza. Leo alitamani angejua.

Mbele yake, hatua moja tu, alisimama Pama. Huyo naye aliitwa kwa kofia yake, pama pana ya waimbaji wa kantri, ambayo watu walisema hulala nayo. Chiriku aliyekuwa mkewe kwa miaka sita alijua kuwa hulala na mikoromo tu. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, basi mtu na mtalaka wake wakaimba wakitazamana, pumzi kwa pumzi, wimbo wa wawili walioachana na kila mmoja akashika njia yake.

Wimbo aliutunga Chiriku mwenyewe. Aliutunga akifua, akideki, akilia, tangu Pama alipoaga kwenda kupiga muziki wiki moja akarudi baada ya miezi mitano. Hata chai hajanywa, simu yake ikalia mezani, Chiriku akapokea, na sauti ya mwanamke ikauliza kwa upole kama mume wake amefika salama.

Beti zilikwenda vizuri. Shida ilikuwa neno la mwisho. Pama akishaimba kwamba anafunga mzigo wake, Chiriku alitakiwa kujibu "nenda salama", na gitaa linyamaze. Akaimba, "Nenda salama, urudi salama."

Kwa miaka sita ndivyo alivyomuaga Pama mlangoni kila alipobeba gitaa. Ulimi ulikuwa umeshachonga njia yake, kama maji ya mvua.

Fundi mitambo, aliyekaa upande wa pili wa kioo, akasema warudie. Wakarudia. Lile "urudi" likatoka tena, tamu na laini, kama lililoalikwa.

Fundi akavua visikilizio masikioni. Hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Chiriku zaidi. Alisema saa sita watu wengine wanaingia, kwa hiyo imebaki mara moja tu. Ikiharibika, sehemu ya Chiriku ataimba yule binti wa kwaya aliyekaa kwenye benchi, maana ameshaikariri. Binti akainamisha macho kwa adabu, lakini midomo yake ilikuwa inaendelea kuimba kimyakimya.

Chiriku akaitazama ile midomo. Machozi yake ya miezi minane aimbiwe na mtoto wa watu ambaye hajawahi kuachwa hata na basi! Shangazi, aliyekuja naye "kulinda tu mlango", akamsogezea kikombe cha maji. Chiriku akakipokea bila kutazama, maji yakamwagikia karatasi ya maneno, nayo ikaanguka sakafuni.

Pama akainama kuiokota ile karatasi. Alipoinuka alikuwa anatabasamu.

"Unahangaika bure," akamwambia kwa sauti ya chini. "Hilo si kosa. Mdomo wako unanitaka, wewe ndiye unayekataa."

Chiriku akatazama kioo cha fundi. Ushahidi ulikuwa upande ule, umerekodiwa mara mbili.

Pama akavua kofia. "Kitendawili."

"Tega," akasema Chiriku, kabla hajajizuia. Mdomo tena.

"Nina kufuli langu, halikubali ila ufunguo mmoja."

Shangazi akaacha kutafuna karanga zake. Kitendawili hicho alikuwa anakijua. Pama alikitega barazani kwake mwaka ule alipokuja kuposa, na Chiriku akakitegua palepale, "Moyo wako", watu wakapiga vigelegele. Kukitegua leo ni kurudi. Na jibu lilikuwa pale pale, limeshafika kwenye meno.

Chiriku akameza mate. Fundi alikuwa anatazama saa. Kutoka karakana nyundo ilikuwa inagonga, ko, ko, ko.

"Sijui," akasema.

Pama akacheka. "Unajua."

"Sijui. Chukua mji."

Kicheko kikakatika. Asiyejua jibu hutoa mji, na mtegaji huuchukua. Hiyo ni sheria hata kwa watoto wa chekechea. Pama akageuza kofia mikononi. "Mji gani?"

"Wowote ambao mimi simo."

"Huo si mji."

"Umepewa mji, baba," shangazi akadakia. "Uchukue, ukategue mwenyewe huko huko."

Binti wa kwaya akaziba mdomo. Pama akavaa kofia yake, akaishusha mpaka kwenye nyusi, akashika gitaa. Fundi akainua kidole.

Wakaimba. Sauti ya Pama sasa ilikuwa na mchanga ndani yake, na wimbo ukapendeza zaidi kwa hilo. Akafunga mzigo wake, gitaa likapungua, zamu ikamfikia Chiriku.

"Nenda salama."

Ulimi ukainuka kutafuta kile kipande cha pili. Akaubana kwa meno. Gitaa likanyamaza. Hata nyundo ilikuwa imetulia. Moja, mbili, tatu, nne. Alihesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe, na hakuna kilichotoka.

"Imepita," fundi akasema.

Pama akaweka gitaa kwenye mfuko wake na kufunga zipu taratibu, taratibu mno kwa mtu anayeondoka. Akaenda mpaka mlangoni, mguu mmoja nje, mmoja ndani, akasimama kama alivyokuwa akisimama zamani, anasubiri kuagwa.

Chiriku alikuwa anakausha karatasi yake kwa pindo la kanga. Hakuinua uso.

"Mwanangu," shangazi akamwambia Pama, "ama toka, ama tupishe. Hapo ulipo unatuletea inzi."