Simu ya Hani Kwenye Probox ya Jelle

Kabla kijiji cha Sangailu hakijapotea nyuma yao, Jelle alikuwa amekwisha kuzima feni, redio na taa za gari lake la Probox. Fundi Salah alimweleza kwamba altaneta, inayozalisha umeme wa gari, ikitwishwa mzigo, injini hutaabika na kunywa zaidi, na petroli ilikuwa imepanda tena. Jelle akayashika maneno hayo kwa mikono miwili. Akapiga marufuku hata simu za kijiji, ambazo kila asubuhi zilikwenda naye Garissa zikichajiwa garini, na jioni zikarudi zimeshiba.

Nyuma yake, kando ya madumu ya maziwa ya ngamia, shangazi yake Saynab, ambaye Jelle humwita Eddo, alijifuta jasho kwa ncha ya mtandio. Bintiye Hani alikuwa ameshika simu yenye asilimia tatu. Karani wa vitambulisho alimwambia atapiga leo, Alhamisi asubuhi, na akikuta simu imezimwa, jina lake litarukwa. Miaka mitatu Hani amengoja, na chuo cha uuguzi hakimpokei bila kitambulisho.

"Jelle, simu kidogo hii itakunywa betroli yako?" Saynab aliuliza.

"Eddo, nikichaji yako leo, kesho kijiji chote kiko hapa."

"Mimi nilikubeba mgongoni wewe. Sikusema uzito yako inanimaliza."

Jelle alicheka, akakaza macho barabarani. Nguzo za umeme zilipita moja moja, zilizosimikwa kabla ya uchaguzi uliopita na hadi leo hazijaonja waya.

"Imebaki moja," Hani alisema taratibu.

Jelle alimpenda huyu mama, na hapo ndipo taabu yake ilipokuwa. Akatoa waya wa chaja chini ya kiti. "Lete, walahi mtanifilisi."

Simu ikaita baada ya nusu saa. Jelle akasimamisha gari na kuzima injini ili wasikie, Hani akaweka spika.

"Hani? Mtambo umeharibika. Ngoja mwezi wa tisa," alisema karani. "Na usizime simu."

Akakata. Saynab akaanza kumpapasa bintiye mgongo. Hani aliona aibu kuliko uchungu. Akanyoosha mkono achomoe simu, asije akamaliza mafuta ya watu bure.

Jelle akauzuia mkono wake.

"Wacha hapo. Si amesema usizime?" Akawasha injini. "Na kesho waambie watu walete simu zao."

"Na betroli?" Saynab akauliza.

"Feni haiwaki mpaka mwezi wa tisa, Eddo. Shusha kioo."