Hairudishwi, Haibadilishwi

...na eti kaka ananiambia chukua ile ya gharama, nimekuongezea hela ili uwe huru, huru!, mimi huyu niliyesimama mbele ya mashine ya tiketi kwenye stesheni ya mpakani, nchi ya watu, mkanda wa begi umenikata bega, na kwenye kioo kuna vibonyezo viwili, cha kijani Punguzo, kwenda leo, kurudi Ijumaa saa tatu na dakika kumi asubuhi, hairudishwi, haibadilishwi, na cha bluu Bei Kamili, rudi siku yoyote ndani ya miezi mitatu, miezi mitatu, si ndiyo wanayoitaka, mdomoni wanasema wiki moja tu, dada aliyeolewa huku kavunjika nyonga, nani atamwogesha, nani atampikia, kana kwamba shemeji alizaliwa bila mikono, mtu anafungua injini ya lori na kuirudisha yote bila kubakiza hata skrubu moja, leo jiko limshinde, halimshindi, amezoeshwa tu... "Uko wapi sasa?" dada kwenye simu, sauti imelegea kwa dawa, niko kwenye mashine, dada, nakata tiketi, "Chukua ile ya kubadilisha, mdogo wangu, nyonga haina kalenda," sawa, nyonga haina kalenda, lakini mapazia yanayo, madirisha tisini na sita ya hoteli mpya, nimeyapima moja moja juu ya ngazi, Jumatatu naanza kukata kitambaa, na meneja alinitazama usoni akasema fundi, Jumatatu nikikukosa ninaye mwingine, miaka sita nabadilisha zipu na kupinda suruali za watu nikiingoja kazi kama hii, nikamweleza kaka, akasema, "Ah, mapazia yatasubiri, wewe huna mume, huna mtoto, nani anakusubiri?" akacheka, alicheka kweli, nikamsikia anatafuna kitu huku anacheka, punda afe mzigo ufike, na punda wa nyumba hii ni kitinda mimba, mimi ndiyo tiketi yao ya kubadilisha, nisogezwe Jumanne, nisogezwe mwezi ujao, hakuna faini... nyuma yangu bwana mmoja mwenye sanduku la magurudumu anakohoa, kohoa baba, kohoa, mwenzio hapa anakata maisha yake... wiki mbili tu, ndivyo walivyosema baba alipopooza, nikakata tiketi ya basi ya kwenda na kurudi, ya kurudi haina tarehe, nikaiweka kwenye kimfuko cha ndani cha pochi, wiki mbili zikazaa miezi kumi na minne, cherehani zangu zikatolewa nje na mwenye fremu ya duka, yule fundi saa niliyekuwa naye akaniambia nimekungoja mpaka nimechoka, sikumlaumu, uongo, namlaumu mpaka leo, na siku tunatafuta kitambulisho cha baba kwa ajili ya kibali cha mazishi nikaikuta ile tiketi, wino umefifia, ilikuwa imekwisha muda miezi kumi na moja kabla baba hajafa, kaka akaiona akasema, "Hela imepotea bure hiyo," hela!, alichoona yeye pale ni hela... "Mbona kimya? Umekata?" bado, dada, mashine inanisumbua, uongo mwingine, mashine haina tatizo lolote, inauliza kwa adabu kuliko ndugu zangu wote, unahitaji muda zaidi, ndiyo, hapana, nabonyeza ndiyo... lakini ngoja, ile tiketi ya basi nani aliikata, nani aliinama kwenye kidirisha akamwambia karani naomba isiyo na tarehe, si ni mimi mwenyewe, kaka hakuwepo, dada alikuwa huku, na baba mwenyewe, mwezi wa tatu wa kumuuguza, kwa ule mdomo ulioenda upande, aliniambia, "Nenda... kashone," nikamsikia vizuri kabisa, nikajifanya sikumsikia, nikamfuta mate, kwa sababu sebuleni shangazi zangu walikuwa wanasema huyu ndiye mtoto, wengine majina tu, na mimi nyuma ya pazia nikavimba kichwa, nilipenda, Mungu wangu, nilipenda kuitwa hivyo, na hasira hii yote niliyombebesha kaka, nusu yake ni yangu... "Umechukua ipi?" kidole kiko hewani, hakijagusa kitu, kijani pale pale, bluu pale pale, bwana wa sanduku anakohoa vile vile, dada, nasema, nitakuogesha asubuhi na jioni, na shemeji nitamwingiza jikoni, samaki hukunjwa angali mbichi, huyu tutamkunja hivyo hivyo mkavu, mpaka ajue kupika supu na kukugeuza kitandani bila kukuumiza, na Ijumaa narudi, dada anauliza, "Hata kama nitakuwa bado sijasimama?" hapo, hapo hasa ndipo panapouma, ndipo siku zote ninapolegea, naliona lile paja lake lililofungwa, naona anavyojivuta kuifikia bilauri, machozi yananitoka mbele ya watu nisiowajua na hasira bado iko hapa kifuani, haijaenda popote, hata kama, dada, hata kama, na mashine inauliza tena, unahitaji muda zaidi, ndiyo, hapana, nabonyeza hapana, kisha kijani.