Shukrani za Ukurasa wa Kumi na Tisa

Ripoti ilitakiwa Jumatano. Mkutano wenyewe ulikuwa Ijumaa. Mtu mwenye akili zake timamu angeuliza ripoti ya mkutano inaandikwaje siku mbili kabla watu hawajafungua midomo, na Bi Faili aliuliza. Aliuliza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Profesa alidhani anatania.

"Mama, Baraza la Chuo linakaa Jumatatu asubuhi," Profesa alisema, akavua miwani na kuifuta kwa tai. "Duka la chapa halifunguliwi Jumamosi wala Jumapili. Piga hesabu mwenyewe."

"Hesabu nimeshapiga, Profesa. Ndiyo maana nauliza."

"Maoni ya jamii yanajulikana. Hii ni mara ya tatu naongoza kamati ya kumtafuta Mkuu wa Chuo, na watu wanasema yale yale. Awe mwadilifu, awe na maono, awe karibu na watu. Kuna atakayekuja kusema tuleteeni mwizi?"

Hapo alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililomuudhi Bi Faili kuliko yote. Alikuwa katibu muhtasi kwa miaka ishirini na sita. Jina la Bi Faili alipewa na wenzake ofisini kwa sababu hakuwahi kupoteza karatasi, hata zile ambazo wakubwa waliomba zipotee. Wakuu wanne walikuja wakaondoka yeye akiwa kwenye kiti kile kile, na kiti chenyewe kilikuwa na mguu mmoja mfupi alioutegeshea kipande cha boksi. Lakini wiki ile ile alikuwa amechapa kwa mkono wake tangazo la kubandika kwenye malango yote: TUNATAKA KUKUSIKIA. KILA SAUTI INA UZITO. Gundi ilikuwa bado haijakauka.

Profesa akaanza kutamka, yeye akaandika. Jamii ilieleza matumaini yake makubwa. Jamii ilipongeza uwazi wa mchakato. Wanafunzi walisisitiza umuhimu wa nidhamu.

"Wanafunzi?" Bi Faili akasimamisha vidole.

"Andika tu, mama."

Walipofika ukurasa wa kumi na nane simu ya Profesa ikalia, akasimama, akachukua mkoba. "Zimebaki aya mbili, ya wafanya usafi na ya majirani. Malizia wewe. Lugha hiyo unaijua kuliko mimi."

Na kweli aliijua. Zilibaki dakika arobaini duka la chapa lifunge kwa mapumziko ya mchana, mgongo ulikuwa unamuuma, na hasira yenyewe ilikuwa inampeleka mbio. Akaandika: "Mwakilishi wa wafanyakazi wa usafi aliishukuru Kamati kwa kuwashirikisha, akaeleza kuwa wafanyakazi hao wanaridhishwa na mazingira yao ya kazi, na akamtakia kheri Mkuu ajaye." Haikumchukua hata dakika mbili. Majirani nao akawashukurisha hivyo hivyo, akapeleka kazi dukani, akarudi kula.

Jioni ya siku hiyo hiyo dada yake alikuja nyumbani kwake moja kwa moja kutoka kazini. Dada huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyeacha shule ili mdogo wake asome, na kwa miaka kumi na minane alikuwa anafagia kumbi za mihadhara za chuo kile kile. Alivua viatu mlangoni, akaketi, hakuomba hata maji.

"Mdogo wangu, nimechaguliwa."

"Umechaguliwa nini, dada?"

"Mwakilishi wetu. Tumekaa leo saa nne, tumepiga kura ya mikono. Ijumaa mimi ndiye nitakayesema kwa niaba ya wafagiaji wote."

Chai ilimpalia Bi Faili. Dada mtu akampigapiga mgongoni huku anaendelea kuzungumza, maana alipoanza jambo lake hakukuwa na breki.

Jambo lenyewe Bi Faili alilijua kama alivyolijua jina lake. Wafagiaji walikuwa na chumba chao nyuma ya ukumbi mkubwa, chumba kidogo chenye misumari ya kutundikia nguo na komeo kwa ndani. Mkuu anayeondoka alikigeuza stoo ya viti vibovu. Tangu hapo, mwaka wa tatu huu, wanawake kumi na saba walikuwa wanabadilisha nguo chini ya ngazi. Waliandika barua nne. Barua zote nne zilipita mezani kwa Bi Faili, akazigonga mhuri wa kupokelewa, akazipeleka zilikotakiwa, na huko zikalala usingizi wa pono.

"Safari hii si barua," dada yake alisema. "Safari hii wametuita wenyewe. Tangazo nimelisoma langoni. Na mwandishi ni wewe, damu yangu. Naomba kitu kimoja tu: nitakachosema, kiandike. Kifike kwenye hilo Baraza. Nimebakiza miezi minane kustaafu, nataka niimalize nikivaa nguo nyuma ya mlango. Basi."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Bi Faili akamuuliza kama amtilie chai.

Kesho yake asubuhi alikuwa dukani kabla fundi wa chapa hajafungua mlango. Nakala arobaini zilikuwa zimeshajalidiwa, jalada la bluu, herufi za dhahabu.

"Nibadilishie ukurasa mmoja tu," alimsihi.

"Mama, hii imegundishwa. Kuitoa ni kuichana."

Akampigia simu Profesa. Profesa akamsikiliza kwa upole wote, kisha akamwambia kwamba kama yatakuwapo mapya yatawekwa kwenye kiambatisho. Kiambatisho kitaandaliwa lini? Baada ya Baraza kukaa. Kitasomwa na nani? "Bi Faili, wewe mtu mzima. Mambo mengine funika kombe mwanaharamu apite." Bi Faili akakata simu, akasonya kwa nguvu hadi fundi wa chapa akageuka. Lakini aliyemsonya zaidi ni yeye mwenyewe. Profesa hakuwahi kuutamka ukurasa wa kumi na tisa.

Siku ya Ijumaa kila kilichoweza kuharibika kiliharibika. Dereva wa chuo aliambiwa apeleke maboksi ya ripoti ofisini kwa Profesa. Akakuta ofisi imefungwa, akayapeleka ukumbini, akayapanga vizuri kwenye meza ya nyuma, na juu yake akaweka chupa za maji ya wageni. Na nani anayeufungua ukumbi asubuhi na mapema, akapanga viti, akafuta meza? Bi Faili alipofika saa tatu kasorobo na daftari lake, dada yake alikuwa ameketi mstari wa pili, sare yake imepigwa pasi, na kwapani amebana kitu cha bluu. Bi Faili alimsalimia kwa mbali. Dada yake alimjibu kwa kichwa tu.

Ukumbi ulijaa. Profesa alifungua mkutano kwa kueleza jinsi kamati isivyo na majibu mfukoni, imekuja kusikiliza. Akasimama kiongozi wa wanafunzi, kijana mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, akalalamikia mabweni yasiyo na maji. Profesa akamshukuru kwa mchango wake kuhusu maono. Akasimama jirani mmoja, seremala, akasema mfereji wa maji machafu ya chuo unapita mlangoni kwake na Mkuu ajaye aje kwanza anuse. Profesa akamshukuru kwa mchango wake kuhusu kuwa karibu na watu. Jukwaani kando yake Bi Faili aliandika, na kila "mchango" ulimchoma kama mwiba wa kidole.

Kisha ikaja zamu ya wafanya usafi. Dada mtu akasimama, akapokea kipaza sauti, akakipuliza.

"Mimi sikuja kuomba," alisema. "Nimekuja kufuta shukrani zangu."

Profesa akatabasamu, asielewe. Dada mtu akafungua kile kitabu cha bluu, akasogeza miwani, akasoma taratibu, neno baada ya neno, aya ya mwakilishi aliyeridhishwa na mazingira ya kazi. Alipomaliza akakiinua juu. "Ukurasa wa kumi na tisa. Mwakilishi ni mimi. Sasa naomba kuuliza, nimeridhishwa lini? Maana mimi ndiyo kwanza nasimama."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Seremala akaenda mezani kuchukua nakala, kiongozi wa wanafunzi naye. "Mimi nimeomba nini?" mwanafunzi mmoja akapaza sauti. "Umeomba nidhamu!" kijana akajibu, na ukumbi ukaangua kicheko upya, cha watu waliochoka kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Tulieni, tulieni," Profesa alisema, mikono juu. "Ile ni rasimu tu. Ni mfano. Katibu yuko hapa, atawaeleza. Bi Faili, waeleze."

Akamtazama, na macho yake yalikuwa yanamwambia waziwazi Jumatatu ipo. Jumatatu za Profesa Bi Faili alizijua. Katibu mmoja aliyewahi kumbishia alihamishiwa stoo ya kumbukumbu, chumba kisicho na dirisha, akaishia kupata pumu. Bi Faili alisimama.

"Si rasimu," alisema. "Ni nakala arobaini, zimejalidiwa tangu Jumatano, za kwenda Barazani."

Angeweza kuketi hapo, akabaki shujaa. Dada yake alikuwa ameanza kumtabasamia, tabasamu lile la siku ya matokeo ya mtihani.

"Na ukurasa wa kumi na tisa si wa Profesa," Bi Faili akaendelea. "Ule ni wangu. Niliuandika mimi, kwa akili yangu, bila kulazimishwa na mtu. Nilitaka kuwahi chakula."

Tabasamu la dada yake lilizimika. Hakupiga kelele. Akakifunga kile kitabu cha bluu, kipaza sauti kikiwa bado kidevuni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Haya. Kaa chini, uandike."

Bi Faili akakaa. Dada yake akasema yote, polepole, akisubiri kalamu imfikie. Akasema chumba kilivyokuwa na kilivyochukuliwa. Akasema barua nne. Akasema chini ya ngazi wanavyojipanga zamu, mmoja anavaa, mwingine anachungulia nani anashuka. Alipomaliza, kiongozi wa wanafunzi alisimama akadai kurasa zote za maoni zichanwe mbele yao, na ziingie hizi za leo kama zilivyo, hata kama ni kwa mwandiko wa mkono. Ukumbi ukaitikia. Profesa akakuna kipara, akatazama mlango, akatazama watu wasiopungua mia mbili ambao hawakuonyesha dalili ya kwenda popote. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Basi tufunge," akaongeza haraka. "Katibu ameshaandika."

"Asome kwanza," dada mtu alisema. Alikuwa ameshapanda jukwaani, amesimama nyuma ya kiti cha Bi Faili.

Bi Faili akasoma. Ilienda vizuri hadi karibu na mwisho. "Mwakilishi alieleza kwamba hali hiyo inasababisha ukosefu wa faragha na kushusha hadhi ya..."

"Sikusema hivyo."

"Ndiyo maana yake, dada."

"Sikukuuliza maana yake. Nilisema nini?"

Bi Faili akautazama mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa amesikia kila neno, aliapa amesikia kila neno, na bado mkono ulikuwa umekwenda wenyewe njia yake ya miaka ishirini na sita. Alitamani kuupiga. Machozi yakamjaa, ya hasira, na aliyemkasirikia hakuwa mwingine ila yeye mwenyewe.

"Ulisema unavaa umeing'ata nguo kwa meno," alisema, "ili mikono ifunge vifungo. Na mtoto mwenye umri wa mjukuu wako akashuka ngazi, akakuamkia. Ukashindwa kumwitikia."

"Kwa nini nilishindwa?"

"Kwa sababu ungefungua mdomo nguo ingedondoka."

"Basi andika hivyo."

Profesa akatazama saa, akakohoa. Dada mtu akamwambia asubiri. Bi Faili akaikata sentensi ya faragha na hadhi kwa mstari mmoja, akaandika meno, akaandika nguo, akaandika salamu isiyoitikiwa, na dada yake akainama juu ya bega lake, akafuata kila herufi kwa kidole.