Mahali Alipo Mbuke

Habari za kifo cha Sostenes zilimfikia Euphrasia akiwa anachambua mchicha nyuma ya nyumba yake, mjini Shinyanga. Aliyepiga simu alikuwa Martina, dada wa marehemu. Hakulia. Alisema tu, "Mama Noela, kaka amefukiwa na duara kule machimboni. Wamemtoa leo asubuhi. Tunazika kesho." Kisha akanyamaza, na katika ukimya ule Euphrasia akasikia swali ambalo binti yule hakulitamka: mama ataambiwa na nani?

Mama yao, Mbuke, alikuwa hai. Lakini kule kijijini kwao, nyuma ya machimbo ya Bulyanhulu, hapakuwa na mtu aliyejua anaishi wapi.

Miaka miwili nyuma walimwita mchawi. Watoto wawili wa shemeji yake, Bujiku, walikufa kwa homa, wa pili kabla matanga ya mwenzake hayajaisha. Mganga alipoulizwa, akasema watafute mwenye macho mekundu. Macho ya Mbuke yalikuwa mekundu kweli, kama yalivyo macho ya mwanamke yeyote aliyepika maisha yake yote kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mawe yalipoanza kuanguka juu ya bati lake, Sostenes alimpakia mama yake kwenye pikipiki akamleta Shinyanga, kwenye kituo kidogo alikofanya kazi Euphrasia. Kazi ya kituo kile ilikuwa hiyo hiyo: kuwaficha kina mama wazee, mmoja mmoja, kwenye nyumba za watu wema walio mbali na kwao.

Mwanzoni mambo yote yalikaa vichwani na kwenye midomo. Mpaka yalipomkuta Bernadina, mmoja wa kina mama hao. Mfanyakazi mmoja alikuwa ndani ya basi, akaelekeza kwa simu nyumba alimofichwa bibi huyo, na kiti cha nyuma yake alikaa mtu aliyekuwa na sababu ya kusikiliza. Bernadina alizikwa ndani ya wiki ile. Baada ya hapo kituo kilimwita Ignas, kijana wa kompyuta, naye akawawekea kwenye simu zao programu ya kutunzia nywila. Wenyewe waliizoea kwa jina la sefu.

Kila bibi alikuwa na faili lake ndani ya sefu: nyumba anayoishi, namba ya mwenyeji wake, na neno la mlangoni, ambalo bibi mwenyewe alilichagua na ambalo mgeni asipolitaja, mwenyeji hamfungulii. Sefu nzima ilifungwa kwa nywila moja ndefu ambayo Euphrasia hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe.

"Ukiwa porini hakuna mnara, bado inafunguka," Ignas alimfundisha. "Nakala iko humu humu kwenye simu. Ila ukitaka kumgawia mtu faili, hapo ndipo unapohitaji mtandao. Unampa yeye peke yake, faili moja tu, na ukitaka kumnyang'anya unamnyang'anya. Usimtumie kwa ujumbe wa kawaida, mama. Usimtamkie mtu. Mgawie kwa humu."

Na kila bibi alitaja ndugu mmoja ambaye siku ya dharura angeweza kugawiwa. Mbuke alimtaja Martina, aliyekuwa akiuza chakula Geita mjini. Sostenes hakumtaja, ingawa ndiye aliyemwokoa. "Mwanangu anaishi katikati ya wale wale," alisema. "Atakunywa nao pombe siku moja, watamuuliza. Msimbebeshe mzigo huo." Kwa hiyo Sostenes alikufa akiwa hajamwona mama yake tangu siku ile ya pikipiki.

Euphrasia alifika msibani jeneza likiwa bado ndani. Wanaume walikaa upande wa zizi, wanawake chini ya turubai, na moshi wa masufuria ulikuwa umetanda uwanja mzima. Alitazama simu yake: mnara hakuna hata kidogo. Akaisukuma chini kabisa ya mkoba, akaenda kumkumbatia Martina.

Walizika alasiri, pembeni ya kaburi la baba yake. Katekista alisoma, vijana wa duarani wakafukia kwa zamu, wakichota udongo kwa haraka na kwa ustadi, kama watu waliozoea kuuondoa na leo wanalazimika kuurudisha. Bujiku alisimama kichwani mwa kaburi. Alikuwa mtu mrefu, mvi zimeanza kumwingia, na alipotupa konzi lake la udongo alilia kwa sauti, akashikwa mabega na wenzake.

Watu walipoanza kutawanyika, alimfuata Euphrasia alipokuwa ananawa mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole sana."

"Tumeshapoa." Akafuta uso kwa kofia yake. "Mama, mimi nakufahamu. Wewe ndiye uliyempokea shemeji yangu. Sikuja kugombana. Mtoto wake amekwenda kaburini yeye hayupo. Hilo si jambo la kibinadamu. Nataka nimfuate, nipige magoti, nimwombe msamaha, nimrudishe nyumbani kwake. Niambie alipo."

Nyuma yake walikuwa wamesogea wanaume wengine watatu.

"Siwezi, baba," Euphrasia alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Hata ningetaka, sikumbuki. Mambo hayo hatuyaweki kichwani."

"Mnayaweka kwenye simu." Mmoja wa wale watatu ndiye aliyesema. "Wale wa kituo wana kitu kwenye simu. Inajulikana."

Bujiku akanyoosha mkono, bila ukali, kama anayepokea kikombe. "Ifungue, mama. Nisome mwenyewe."

Euphrasia aliukaza mkoba kwapani. Angeweza kuifungua. Hiyo ndiyo iliyomtisha. Faili la Mbuke lilikuwa pale ndani ya mkoba wake, na kukosekana kwa mnara hakukulizuia kwa lolote. Alimtazama Bujiku usoni akitafuta ukweli, na aliuona: huzuni yake ilikuwa ya kweli, machozi yalikuwa ya kweli. Lakini hata ndugu aliyemfuata Bernadina alifika mlangoni na msamaha mdomoni.

Akaitoa simu. Akaiwasha mbele yao wote, akawaonyesha sehemu ya juu ya kioo.

"Mnaona? Hakuna mtandao," alisema. "Bila mtandao hii haifunguki kwa mtu yeyote."

Euphrasia mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, na kaburi lilikuwa bado bichi hatua chache kutoka pale. Aliusema uongo ule kwa sauti iliyotulia, akashangaa jinsi ulivyotoka laini. Wale wanaume walisogea wakachungulia kioo, wakatazamana. Kila mmoja alijua kwamba kijiji kile hakina mnara. Bujiku aliushusha mkono wake.

"Basi nachukua namba yako," alisema. "Ukifika kwenye mtandao, utanikumbuka."

Alimpa namba, naye akamwandikia ya kwake. Hakuona njia ya kumnyima.

Martina alikuwa ameona yote akiwa jikoni. Alimfuata Euphrasia nyuma ya nyumba, kanga imekazwa kiunoni, majivu mikononi.

"Umewapa?"

"Sikuwapa."

"Nipe mimi, basi. Nakwenda kwake kesho."

"Martina, nikifika mjini naweza kumpigia mwenyeji wake. Ni mtu mzima, ana busara, atajua namna ya kumwambia."

"Mtu baki!" Sasa ndipo alipolia. "Mama asikie kwa mtu baki kwamba mwanawe amekufa? Kaka yangu hakumwona miaka miwili. Mimi sikumwona miaka miwili. Sikuwahi kukuomba kitu, Mama Noela. Nilijua kwa nini. Leo naomba."

Euphrasia alijua siku ya dharura inavyokuwa, na alijua ndiyo hii. Alijua pia linalofuata baada yake, nalo alilisema pale pale ili lisije likaonekana usaliti baadaye.

"Nikikupa, utakwenda. Utakaa naye. Kisha nitakuja kumhamisha, na pale atakapokwenda hutapajua. Sefu inafuta kwenye simu yako, mwanangu, haifuti kichwani mwako. Na hawa watakuuliza. Umewaona."

Jikoni wanawake walikuwa wakiitana kupakua ugali.

"Nitakaa naye siku ngapi?"

"Usiku mmoja. Labda miwili."

"Sawa."

Mtandao ulipatikana sehemu moja tu, juu ya majabali makubwa yaliyo upande wa kaskazini wa kijiji, walikokwenda vijana kupiga simu. Waliaga kwamba Martina anamsindikiza mgeni njia panda. Wakapanda kwa shida, Euphrasia akishikilia magoti, Martina akimvuta mkono. Juu kabisa simu ziliita kwa mpigo, jumbe za pole zikamiminika.

Euphrasia aliketi akiwa ameugeuzia mgongo upande wa kijiji. Akaandika nywila yake ndefu, herufi kwa herufi. Akalitafuta faili la Mbuke, akachagua jina la Martina, akabonyeza kugawa. Kisha wakasubiri, simu ya Martina ikiwa katikati yao juu ya mwamba, mpaka ikatikisika.

Martina alifungua. Macho yake yalipita juu ya jina la mahali, Nkome, kule ziwani. Juu ya jina la mwenyeji, Rhoda, mwanika dagaa. Yalipofika kwenye neno la mlangoni alitoa sauti ndogo, akajiziba mdomo.

"Nini?"

"Tutuli," alisema Martina. "Kaka alikuwa mnene alipokuwa mtoto. Mama, mayu wetu, alimwita hivyo, ndani tu, wakati wa kumlaza. Hata baba hakuwa akimwita hivyo." Akaweka simu kifudifudi mapajani. "Nikifika mlangoni itabidi nitaje jina lake."

Euphrasia alilisoma neno lile mara nyingi kwa miaka miwili, kila alipohakiki mafaili, na siku zote alidhani ni jina la kilima au la ng'ombe. Alimshika yule binti mgongoni, wakakaa hivyo mpaka jua likaanza kuwachoma kwa ubavuni, ndipo wakashuka upande wa pili, unaoelekea barabarani.

Martina alipanda gari la Geita asubuhi iliyofuata, na kutoka huko akaenda Nkome. Euphrasia alifika siku ya pili yake. Ufukwe wote ulinuka dagaa, zimetandazwa juu ya nyavu kama shuka la fedha, na Rhoda, mwanamke mpana mwenye sauti ya chini, alimpokea njiani.

"Nilisikia hodi," Rhoda alimweleza wakitembea. "Nikauliza neno. Yule binti akashindwa kulitamka. Nikauliza tena. Akalisema kwa kulia. Bibi alikuwa nyuma yangu anapepeta mchele, akalisikia, na akaisikia sauti. Ungo ukaanguka. Hakuambiwa kitu, Mama Noela. Alijua pale pale."

Mama na mwana walikuwa wameketi kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, kichwa cha Martina begani kwa mama yake. Mbuke alikuwa amenyolewa nywele kwa ajili ya msiba. Hewa ya ziwa na jiko la wazi la Rhoda vilikuwa vimemfanyia kazi yao taratibu: macho yake, ingawa yalivimba kwa kilio, yalikuwa meupe kuliko Euphrasia alivyowahi kuyaona.

"Shikamoo, mayu. Pole."

"Marahaba. Kaa." Akamwachia nafasi. "Amenieleza yote. Alivyovikwa, alipolazwa. Yuko karibu na baba yake?"

"Yuko karibu naye kabisa."

"Vizuri."

Walikula pamoja, wakalala pale. Asubuhi gari dogo la kituo lilisimama nje, na Martina hakungoja aambiwe. Alitoa simu yake, akaifungua, akamkabidhi Euphrasia.

"Ifute mbele yangu," alisema. "Nisije nikasema ulinifutia kisirisiri."

"Nafutia kwangu, kwako inaondoka yenyewe."

"Basi fanya. Naangalia."

Euphrasia aliandika nywila yake, akaliondoa jina la Martina kwenye faili. Kwenye simu ya binti jina la Nkome likatoweka, na la Rhoda, na neno la mlangoni. Martina aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali bei. Kisha akamgeukia mama yake, na Euphrasia na Rhoda wakatoka nje wakawaacha.

Euphrasia na Mbuke walisafiri kuelekea magharibi, wapi hasa si la kusema hapa. Mbuke alikaa kiti cha nyuma na kifurushi chake mapajani. Walikuwa wameshaipita Chato ndipo aliposema kitu.

"Bujiku alilia?"

"Alilia sana, mayu."

"Nilipoolewa pale alikuwa mtoto wa kubebwa. Mimi ndiye niliyembeba." Akatazama mashamba ya mihogo yakipita. "Mwambie nimesikia. Mwambie na mimi nampa pole, kwa watoto wake wale. Sikupata nafasi ya kumpa."

Jioni, Mbuke akiwa ameshapokelewa na kuonyeshwa kitanda, na neno jipya la mlangoni limechaguliwa na kuwekwa kwenye sefu, Euphrasia alitoka barabarani, akatembea mbali na nyumba ile, akapiga namba ya Bujiku.

Bujiku alipokea haraka. Euphrasia alimweleza kama alivyotumwa, neno kwa neno. Upande wa pili akasikia mtu mzima anavuta pumzi za kilio.

"Ahsante, mama," alisema Bujiku. "Mungu akubariki." Akakohoa, akaituliza sauti. "Na sasa hivi, yuko wapi?"

Euphrasia alisimama na simu sikioni. Pikipiki moja ilipita ikitimua vumbi. Angetoa kitu kikubwa kujua ni nani aliyeuliza: yule mtoto aliyebebwa mgongoni, au yule wa mawe juu ya bati.

"Yuko salama, baba," alisema, akakata simu.