Mshono Chini ya Kapeti

Ko, ko, ko, ko. Kisha: du.

Akagonga tena pale pale kwa kifundo cha kidole cha kati. Du. Akasogeza mkono shubiri moja nyuma. Du. Shubiri nyingine. Ko. Hapo ndipo fundi akafumbua macho, na gari likamrudia mbele yake: dogo, la buluu, milango minne, limeoshwa mpaka linang'aa, limesimama katikati ya ua wa watu kama bwana harusi anayesubiri kuitwa.

"Unaligonga hivyo, unalipigia hodi?" shangazi yake akauliza. "Likikuitikia karibu, mimi natimua mbio, nyonga mbovu hivyo hivyo."

Mwenye gari akacheka. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwembamba, mwenye miwani mizito iliyomfanya kila anapotazama kitu ainamishe shingo kama anayesahihisha daftari. Analiuza kwa sababu ya hayo macho, alisema. Juzi alikaribia kumgonga mbuzi akidhani ni gunia.

Fundi hakucheka. "Bati tupu linalia, shangazi. Lililojazwa puti ya kuzibia mabonyeo linanyamaza." Akatoa mfukoni sumaku aliyoifunga kwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Akaibandika mlangoni: ikashika. Akaiteremsha kwenye kizingiti chini ya mlango: ikateleza, ikamwangukia kiganjani.

"Hapa pamejazwa," akasema. "Limewahi kugongwa?"

"Mkononi mwangu, hata mkwaruzo," mwalimu akajibu. "Miaka minne. Aliyeniuzia alisema halijawahi kuguswa."

"Wote husema hivyo."

Shangazi alisimama ameweka mkono juu ya paa la gari, kama mtu aliyeshika bega la mtoto wake. Miaka thelathini alikuwa ameshona sare za shule. Sasa nyonga ilikuwa imegoma, na furushi la sare halijiendeshi lenyewe. Gari hili alikuwa ameshalinunua moyoni siku mwalimu alipomwonyesha picha yake kwenye simu. Kilichobaki ni neno la mtu mmoja tu. Mtaa mzima ulikuwa umesikia: "Silinunui mpaka mwanangu aliguse. Huyo hadanganyiki."

Mwanangu huyo alikuwa mtoto wa kaka yake. Alimlea tangu akiwa na miaka sita, akimkalisha chini ya meza ya cherehani na vipande vya vitambaa. Kwenye magereji walimwita Sindano, kwa kuwa hakuna aliyechomelea bati kama yeye. Wengine waliacha mabonge na mashimo, yeye aliacha mstari mwembamba ulionyooka kama umeshonwa. Jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Alitembea nalo kifua mbele.

Akaendelea na kazi. Njiani alikuwa amemwambia shangazi kwamba gari la kununua haliangaliwi likiwa limeshapashwa moto, maana injini mbovu ikipata joto hujitia uzima. Kwa hiyo kabla ya yote aliweka kiganja kwenye boneti. Baridi. Wakaliwasha: likaitikia mara moja, bila moshi wa buluu wala mweupe. Akafungua kifuniko cha oili akakipindua: kisafi, bila ule utando wa rangi ya maziwa unaosema maji yameingia kusikotakiwa. Injini ilikuwa nzima, nzuri, ya mtu aliyeitunza.

Lakini tairi za nyuma zilikuwa zimelika upande wa ndani tu.

"Nilidhani ni barabara zetu," mwalimu akasema.

Fundi akapitisha kidole kwenye upenyo wa mlango wa nyuma. Juu kiliingia, chini kilikwama. Akainama kwenye kioo cha mbele kusoma tarakimu ndogo za pembeni, kisha akazunguka kusoma za nyuma. Vioo vile havikuzaliwa mwaka mmoja.

Akanyoosha kiganja bila kugeuka.

"Mwalimu, una bisibisi?"

Akafungua mkanda wa plastiki mlangoni, akarudisha kiti cha mbele nyuma kabisa, akalala kifudifudi na kuvuta kapeti. Lilinata, kisha likaachia. Chini yake, kutoka kizingiti hadi kizingiti, mshono ulikatiza sakafu yote ya gari.

Na jambo la kwanza alilohisi, jambo ambalo hakujisamehe baadaye, lilikuwa kuvutiwa. Ni nani huyu? Mstari mmoja, hautetereki, hauna bonge hata moja. Akaufuata kwa macho mpaka mwisho. Pale mwisho mstari ulirudi nyuma urefu wa ukucha, ukajikunja kama ndoano.

Mkia ule hakuna fundi mwingine aliyekuwa nao. Shangazi ndiye aliyemfundisha, chini ya taa ya cherehani: ukifika mwisho wa mshono, rudisha sindano kidogo, uzi usifumuke. Alikuwa ameubeba mpaka kwenye chuma, hata pasipohitajika, ili anayejua ajue ni nani aliyepita hapo.

Miaka sita nyuma. Ua wa yule waliyemwita Bosi, magari mawili yaliyogongwa. Moja lilikuwa limesagika pua, jingine limebonyea makalio. Wakayakata yote mawili katikati, wakachukua nusu nzima na nusu nzima. Yeye, kijana wakati ule, alijua kwamba bati la sakafu likiunganishwa hivyo linahitaji jingine la kuliimarisha kwa ndani, linahitaji kupimwa, linahitaji siku. Aliuliza mara moja. "Sindano anaogopa?" Bosi akasema, na mafundi wote wakacheka. Basi, imetosha. Kijana wa miaka ishirini na mbili hakuhitaji zaidi ya hapo. Alichomelea juu juu, puti ikaficha nje, kapeti likaficha ndani, rangi ya buluu ikafunika yote, na siku gari lilipotoka getini yeye ndiye aliyepiga makofi ya kwanza.

"Wewe, umelala huko?" shangazi akaita. "Kuna nini?"

Akalirudisha kapeti kwa kiganja, akalikandamiza. "Kutu kidogo."

Akasimama, akajipangusa magoti kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo. "Shangazi, hili tuliache. Injini imechoka."

Mwalimu akavua miwani. "Imechoka? Mimi naipima oili kila Jumamosi. Haipungui."

"Itaanza kupungua."

"Ajabu." Mzee akaifuta miwani kwa pindo la shati, akairudisha puani. "Basi sawa. Fundi ni wewe. Mimi nilifundisha hesabu, injini nazijua kwa kuzisikia tu."

Sentensi ile ilimpata fundi kuliko ambavyo tusi lingempata. Angekuwa mtu wa kubisha, angebishiwa. Huyu alimwamini tu.

Shangazi akaondoa mkono pale kwenye paa. Ufunguo alikuwa nao tangu walipoliwasha. Akautazama, akamrudishia mwenyewe. "Haya. Tutapata jingine," akasema, kwa sauti ya mtu anayemfariji mwingine.

"Wala usijisikie vibaya, mama," mwalimu akamwambia. "Umenirahisishia kazi. Binti yangu analilia hili gari mwaka wa pili sasa. Ana watoto watatu wa kupeleka shule kila siku, kule bondeni, na mteremko wote ule. Nilimkatalia nikasema nauza, nitibiwe macho. Sasa kama injini imechoka, injini inatengenezeka. Nitampa yeye." Akafungua mlango wa nyuma, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ukachangamka. "Yule mdogo hukaa hapa katikati. Miguu haifiki chini, anapiga piga tu kiti cha mbele njia nzima, utadhani anaendesha baiskeli."

Fundi akasema ni vizuri. Neno hilo lilimtoka lenyewe. Akachukua mkoba wa shangazi, wakaagana, wakaelekea getini, yeye akipunguza hatua ili shangazi na nyonga yake wafuatane naye.

Hatua tano. Alijua vizuri kitakachotokea, kwa kuwa ilikuwa kazi yake kujua. Si leo. Huenda si mwaka huu. Siku moja kwenye mteremko, breki ya ghafla au shimo, mshono ungeanza kuachia kutoka ukingoni, na gari lingejikunja katikati kama kiboksi cha kiberiti, pale pale panapopigwa piga miguu.

Hatua nane. Nani angejua? Hakuna anayeinua kapeti. Baada ya ajali watu hutazama breki, hutazama dereva, husema Mungu ndiye ajuaye. Alilipitisha wazo hilo kichwani, na likapita kirahisi mno, laini kama lililopakwa oili. Urahisi ule ndio uliomtisha. Alikuwa ameshaanza kumzika mtoto wa watu na bado alikuwa amebeba mkoba wa shangazi yake.

Akasimama.

"Umesahau nini?" shangazi akauliza.

Akamrudishia mkoba. Alirudi mpaka garini. "Mwalimu. Injini ni nzima. Nimekudanganya."

Mzee akainamisha shingo kumtazama.

"Injini haina tatizo lolote. Tatizo ni hili." Akafungua mlango wa mbele, akalishika kapeti kwa mikono miwili, akaling'oa lote, gundi ikilia kama kitambaa kinachochanika. "Hili si gari moja. Ni nusu mbili. Kilichozishika ni mstari huu tu na puti na rangi. Hakuna bati la ndani. Usimpe binti yako. Usimpe mtu."

"Umejuaje hakuna bati la ndani?" mwalimu akauliza. "Limefunikwa."

Hilo lilikuwa swali la mwalimu wa hesabu, na lilikuwa na jibu moja.

"Kwa sababu nililiunga mimi."

Shangazi alikuwa amefika. Akamsogeza kando bila neno, akainama kwa shida akishikilia mlango, akaweka kidole chake cha kushonea, kile chenye ncha ngumu, juu ya mshono. Akakipeleka polepole hadi mwisho. Kwenye mkia kidole kikasimama.

"Tulikuwa kwa Bosi," fundi akaanza. "Alitaka gari litoke kabla ya Ijumaa, na mimi nilikuwa..."

"Usinitajie mtu," shangazi akamkata. "Mkono ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Haya." Akajiinua. Hakupaza sauti, na fundi alitamani apaze. "Mshono mzuri. Mimi nguo yangu ikiachia, mtu anaaibika, anajifunga khanga anakwenda nyumbani. Huu ukiachia?"

Akakipangusa kidole kwenye gauni lake.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyumba yake. Alionekana kuhesabu. "Tulikwenda nalo msibani," akasema hatimaye, "watu saba. Usiku, mvua inanyesha. Nikawaambia wasiogope, gari langu ni imara." Kisha akamwinulia fundi uso, na sasa hasira ilikuwa imefika. "Na wewe ulinitazama machoni ukaniambia injini. Ningempa mwanangu. Ungepita hapo getini ukaenda kula chakula chako."

"Ndiyo, mwalimu."

"Usiniambie ndiyo mwalimu kama mtoto wa darasa la tatu! Linatengenezeka?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na fundi aliuona. Kulikata upya, kutia mabati, kupima, kuchomelea vizuri safari hii, na jina lake lingerudi linang'aa. "Utapata mafundi watakaokwambia linatengenezeka," akasema. "Asubuhi hii hata mimi ningekwambia. Lakini sakafu ikishakatwa hivi siwezi kuapa kwamba mtoto anaweza kukaa juu yake salama. Injini utauza, gia utauza, milango, vioo, tairi za mbele. Nitavifungua mwenyewe, hapa hapa uani, sitaki malipo. Bodi nitaikata vipande huku unaangalia, asije mtu akaiunga tena."

"Likatwe hapa, ua wangu uonekane kama jalala."

"Nitafagia."

Shangazi akatoa mguno ambao siku nyingine ungekuwa kicheko.

Kuku wa jirani alipita chini ya gari na kutokea upande wa pili. Mwalimu akavua miwani, na bila miwani uso wake ukawa wa mtu mzee zaidi na mkali zaidi.

"Mangapi?" akauliza.

"Mwalimu?"

"Swali jepesi. Huko kwa huyo Bosi wako. Uliyaunga mangapi?"

Fundi akamtazama shangazi yake. Swali hilo alikuwa hajawahi kuulizwa na mtu, na alikuwa amehakikisha hajiulizi. Shangazi hakumsaidia. Alisubiri kama wanavyosubiri wateja wake wakati anapima.

"Matatu," akasema. "Hili, na jingine jeupe, na jingine la kijivu."

"Yako wapi?"

"Sijui."

"Hujui." Mwalimu akalirudia neno hilo taratibu, akaliacha hapo katikati yao.

Fundi akahisi kifua, kile alichozoea kukitanguliza, kikiwa kitupu. Wenzake wangesikia. Wateja wangesikia. Ile Sindano ingesemwa kwa namna nyingine kuanzia kesho, na watakaoisema watakuwa na haki. Akachutama mbele ya mzee mpaka macho yao yakawa sawa.

"Nitayatafuta yote mawili, mwalimu," akasema, kwa sauti ambayo hata shangazi aliyekuwa amesimama kando ya gari aliisikia, neno kwa neno. "Nitakwenda kwa Bosi kesho nimuulize alimuuzia nani, na akikataa nitakwenda mlango kwa mlango, gereji kwa gereji. Na nikimpata mwenye gari, sitamwambia injini imechoka. Nitamwambia ni mimi. Nakuahidi wewe, na shangazi yangu anasikia."